Windows ibaki, Linux iingie: mifumo kadhaa ndani ya laptopu moja

Kila muhula ukianza, wanafunzi wa kompyuta wa Njiro, Tengeru na Moshi hukutana na sharti lilelile: kozi inataka Linux, laptopu ina Windows, na ndani ya hiyo Windows ndimo zilimo ripoti ya fildi, picha na vyeti vilivyoskaniwa. Fundi atakushauri ugawe diski, upige Linux pembeni ya Windows. Inafanya kazi, sikatai. Lakini kila ukitaka kuhama mfumo inabidi uzime na kuwasha, na kidole kikiteleza kwenye hatua ya kugawa diski, vyote vinaondoka kwa mkupuo. Mwenye kompyuta moja tu hana sababu ya kucheza kamari hiyo. Atumie mashine pepe.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoigizwa na programu, na programu nitakayoitumia zaidi hapa ni VirtualBox. Windows yako inabaki kuwa mwenyeji. Linux, FreeBSD (mfumo mwingine wa bure) au hata Windows nyingine inaingia kama mgeni, na mgeni huyo anaamini ana prosesa, RAM, diski na kadi ya mtandao vya kwake mwenyewe. Kwa upande wa mwenyeji, mgeni ni mafaili tu: moja kubwa la diski lenye mwisho wa .vdi, na jingine dogo la maelezo, .vbox. Lishike hilo la mafaili. Karibu kila faida ya mashine pepe inatoka hapo, na karibu kila ajali pia, maana kinachoua faili ndicho kinachoua mgeni wako.

Laptopu ya mtumba inatosha, RAM ndiyo haitoshi

Laptopu za ofisi zilizotumika nje, zile za kwenye maduka ya Barabara ya Sokoine pale Arusha au ya katikati ya mji Moshi, zinafaa kabisa kwa kazi hii: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude, ThinkPad T470 na ndugu zao. Prosesa zake nyingi ni i5 ya kizazi cha 6 au cha 7, viini (cores) viwili vinavyojionyesha kama vinne. Intel ilianza kuweka VT-x, yaani uwezo wa prosesa kubeba mashine pepe, kwenye prosesa zake mwaka 2005, AMD ikafuata 2006 na AMD-V, kwa hiyo kwenye mashine za umri huu uwezo upo. Swali ni kama umewashwa.

Kabla hujalipa, fanya mambo mawili ukiwa bado dukani. La kwanza, iombe laptopu iwashwe na uingie BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows: HP ni F10, Dell ni F2, ThinkPad ni F1. Laptopu zilizotoka maofisini mara nyingi huja na nenosiri la BIOS ambalo muuzaji mwenyewe halijui. Windows itawaka vizuri tu na hutagundua kitu, hadi siku unapotaka kuwasha VT-x. Kwenye HP za ofisi, kuchomoa betri ndogo ya ubao mama hakufuti nenosiri hilo, hata uambiwe nini. La pili, fungua Task Manager, nenda Performance kisha Memory, usome mstari wa Slots used. Ukiona 1 of 2, una nafasi ya kuongeza RAM bila kutupa uliyonayo. Laptopu nyembamba sana nyingi zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao. Hizo unazinunua na GB ulizozikuta, basi. Na ukienda kununua RAM, nenda na laptopu yenyewe au ile RAM ya zamani mkononi, kwa sababu RAM ya aina ya DDR3 haiingii kwenye sloti ya DDR4.

Hesabu ya RAM ni hii. Windows 10 au 11 ikiwa na kivinjari chenye kurasa kadhaa inakula GB 3 hadi 4. Mwachie mwenyeji GB 4, kinachobaki ndicho cha wageni. Kwenye laptopu ya GB 8 unaweza kuwa na mgeni mmoja mwenye GB 2 au 3: Debian (aina mojawapo ya Linux) yenye madirisha mepesi ya Xfce inatembea vizuri kwenye GB 2. Seva ya Linux isiyo na madirisha inaridhika na MB 1024. Windows 10 kama mgeni ipe GB 4, chini ya hapo utajuta. Ukifika GB 16 ndipo unapoweza kuwasha seva tatu za mazoezi pamoja na kivinjari bila kuona dalili ya kuchoka.

Ukizidisha, kinachotokea ni kwamba mwenyeji anaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Taa ya diski haizimiki, kishale kinaruka ruka, hata saa ya pembeni inaganda. Watu hulaumu VirtualBox hapo, wakati kosa ni la hesabu. Na kama diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, mifumo miwili inagombea kichwa kimoja cha kusomea, na hakuna mpangilio wa programu utakaokuokoa. Kati ya RAM na SSD (diski isiyozunguka), kama pesa inatosha kimoja tu na bado unatumia diski ya kuzunguka, anza na SSD.

Prosesa watu huihofia bure. Mpe mgeni viini viwili kwenye i5 ya aina hiyo na uache hapo. Kumpa vinne vyote kunamnyima mwenyeji pumzi na wote wawili wanakuwa wazito. Kwa Moshi, mwezi wa Januari na Februari, kuna la ziada: joto. Laptopu yenye vumbi kwenye feni hupunguza kasi yenyewe ili isiungue, na mashine pepe ndiyo kazi ya kwanza kuonyesha hilo. Feni ipulizwe kabla hujaanza kulaumu mipangilio.

VT-x na kobe wa kijani

Kwenye Windows, Task Manager ileile, Performance kisha CPU, kuna neno Virtualization. Likisema Enabled, endelea. Likisema Disabled, ingia BIOS utafute Intel Virtualization Technology au VTx. Kwenye AMD linaitwa SVM Mode. Washa, hifadhi, kisha zima kabisa na kuwasha tena. Kwenye Linux, amri ni

lscpu | grep Virtualization

Dalili kwamba haijawashwa: VirtualBox inakataa kuwasha mgeni na kutoa ujumbe wenye VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED, au kwenye orodha ya mifumo unaona ya biti 32 tu.

Kuna tatizo la pili linalofanana na hilo lakini chanzo chake ni tofauti. VT-x imewashwa, mgeni anawaka, ila anakokota miguu. Tazama upande wa chini kulia wa dirisha la mgeni. Kama kuna picha ya kobe wa kijani, maana yake Windows yenyewe imeshaichukua VT-x kupitia Hyper-V, programu ya mashine pepe ya Windows yenyewe, na VirtualBox inapita mlango wa nyuma. Wanaoiwasha Hyper-V bila wewe kujua ni WSL2 (njia ya Microsoft ya kuendesha Linux ndani ya Windows), Virtual Machine Platform na Memory integrity iliyo chini ya Core isolation kwenye Windows Security. Njia ya kuizima ni kufungua Command Prompt kama msimamizi na kuandika

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

kisha kuwasha upya. Kuirudisha, weka auto badala ya off. Kumbuka WSL2 haitafanya kazi ikiwa imezimwa, na kuondoa Memory integrity kunapunguza ulinzi wa Windows yako. Kama unaitegemea WSL2 kila siku, au laptopu ni ya ofisi, mimi ningemvumilia kobe. Au, kama Windows yako ni Pro, tumia Hyper-V yenyewe. Toleo la Home halina.

Kuhusu programu ya kutumia, nitapita haraka. Kwa mwenyeji wa Windows, VirtualBox ya Oracle ni ya bure na msimbo wake uko wazi. VMware Workstation Pro nayo ni bure kwa wote tangu Novemba 2024 na picha zake ni laini zaidi, ila kuipakua kunahitaji akaunti na uvumilivu. Kile kifurushi cha pembeni cha VirtualBox, Extension Pack, usikiweke kwa mazoea: leseni yake inaruhusu matumizi binafsi na ya elimu, siyo ya ofisi, na tangu toleo la 7.0 USB 2 na USB 3 zimo ndani ya VirtualBox yenyewe, kwa hiyo sababu kubwa ya kukihitaji imekwisha.

Bando, ISO na flashi

Faili la kusakinishia, ISO, ndilo linalomaliza bando. Debian netinst, ISO ndogo ya Debian, inavutia kwa sababu ni MB mia kadhaa tu. Mtego wake ni kwamba wakati wa kusakinisha inarudi mtandaoni kuchukua yaliyobaki, na ukichagua mfumo wenye madirisha ni zaidi ya GB 1 nyingine, kila mara unapotengeneza mashine mpya. Anayetarajia kutengeneza mashine tatu achukue DVD ya kwanza ya Debian, inayokaribia GB 4, apakue mara moja na asakinishe bila intaneti. Kwa anayeanza kabisa, Linux Mint ni bora zaidi: karibu GB 3, na inakuja na ofisi, kivinjari na kicheza video tayari. Ubuntu 24.04 ya mezani inagonga GB 6, na sioni unachokipata kwa hizo GB 3 za ziada.

Pakua kwa kitu kinachoweza kuendelea pale kilipoishia. Kwenye Linux ni wget -c. Kwenye Windows, torenti zinazotolewa rasmi na mradi wenyewe zinakata na kuendelea bila shida. Ukimaliza, hakiki:

certutil -hashfile debian.iso SHA256

Linganisha na namba iliyoko kwenye tovuti ya mradi. ISO yenye dosari haijulikani mapema. Usakinishaji unakwenda hadi katikati, kisha unakufa kwa kosa la kusoma, na mtu anapoteza jioni nzima akibadilisha mipangilio isiyo na hatia.

Ukichukua ISO kwa rafiki, flashi yako ikiwa FAT32 itakataa faili lolote linalofika GB 4, hata kama ina GB 60 zilizo wazi. Ujumbe unaosema faili ni kubwa mno kwa mfumo wa faili ndio huo. Ifomati kuwa exFAT, ukijua kwamba kufomati kunafuta kila kilichomo. Jambo hilihili litakurudia siku ya kuhamisha faili la .vdi.

Kutengeneza mgeni

New, jina, chagua ISO. Hapa pana kisanduku ambacho watu wengi hawakioni: Skip Unattended Installation. Kiweke tiki. (Kwenye toleo la 7.2 kinaitwa Proceed with Unattended Installation; hicho kiondolee tiki.) Usipofanya hivyo, VirtualBox 7 inasakinisha yenyewe bila kukuuliza, na inatengeneza mtumiaji anayeitwa vboxuser mwenye nenosiri changeme. Mfumo unawaka, unafurahi, kisha unaandika sudo, amri ya kukupa mamlaka ya msimamizi, na kujibiwa kwamba vboxuser hayumo kwenye faili la sudoers. Kama yameshakukuta, ingia kama mkuu wa mfumo kwa su - na nenosiri lilelile, uandike

usermod -aG sudo vboxuser

utoke na kuingia tena. Kisha ubadilishe hilo nenosiri.

RAM na viini tumeshahesabu. Diski weka GB 25 za aina inayokua kadiri inavyojazwa. Debian mpya itachukua GB chache tu mwanzoni. Inayokua haimaanishi inayopungua. Ukifuta mafaili ndani ya mgeni, faili la .vdi linabaki na unene wake. Kulipunguza ni hatua mbili: jaza sifuri kwenye nafasi tupu ndani ya mgeni, kwa zerofree kwenye ext4 (mfumo wa faili wa Linux) au sdelete -z c: kwenye Windows, zima mgeni, kisha kwa mwenyeji andika

VBoxManage modifymedium disk "njia ya faili.vdi" --compact

Sdelete inajaza nafasi yote tupu, kwa hiyo .vdi inaweza kuvimba hadi ukomo wake kabla haijapunguzwa. Hakikisha mwenyeji ana nafasi hiyo. Nafasi ya mwenyeji ikiisha mgeni akiwa hewani, VirtualBox humsimamisha; ukiona ujumbe huo usibonyeze kuzima kwa hasira. Futa vitu kwa mwenyeji, halafu mruhusu aendelee.

Baada ya kusakinisha, weka Guest Additions, draiva za VirtualBox za ndani ya mgeni, la sivyo dirisha litabaki dogo na hutaweza kunakili maneno kati ya mifumo miwili. Kwenye Debian:

sudo apt install build-essential dkms linux-headers-$(uname -r)

kisha kwenye menyu ya Devices chagua Insert Guest Additions CD image, uendeshe sudo sh /media/cdrom0/VBoxLinuxAdditions.run. Hiyo sh ina kazi, maana sidii mara nyingi hufunguliwa bila ruhusa ya kuendesha programu. Folda ya pamoja ikikunyima ruhusa, ni kwamba hujajiweka kwenye kundi lake: sudo usermod -aG vboxsf jina_lako, toka, ingia. Dirisha likiwa jeusi baada ya kuwaka, angalia Graphics Controller: Linux inataka VMSVGA, Windows inataka VBoxSVGA, na kumbukumbu ya picha iwe MB 128.

Mtandao, ambako ndiko kwenye kazi

Ukiacha kila kitu kama kilivyo, mgeni anakuwa kwenye NAT. Anapata anwani 10.0.2.15, intaneti inapita kwa mwenyeji, na kwa mtandao wa nje mgeni haonekani. Kwa kuvinjari na kusasisha inatosha. Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba wageni wawili walio kwenye NAT wote wana 10.0.2.15 na hawaonani, kwa sababu kila mmoja yumo kwenye chumba chake.

Njia inayojulikana zaidi kutoka hapo ni Bridged Adapter: mgeni anaomba anwani moja kwa moja kutoka kwa ruta kana kwamba ni kompyuta nyingine chumbani. Kwa waya inafanya kazi safi. Kwa Wi-Fi ni bahati nasibu, na kwa hotspoti ya simu mara nyingi mgeni hapati anwani kabisa, kwa sababu kadi ya Wi-Fi hutambulika kwa anwani moja ya MAC, namba ya utambulisho wa kadi, na haipendi kubeba ya mtu wa pili. Kwa kuwa wengi wetu huku intaneti ni ya simu, Bridged ni ya kuisahau.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa maabara ya seva ni kadi mbili kwa kila mgeni: Adapter 1 iwe NAT kwa ajili ya intaneti, Adapter 2 iwe Host-only kwa ajili ya kuonana. Host-only inakaa kwenye 192.168.56.0/24, mwenyeji akiwa 192.168.56.1, na inafanya kazi hata bando likiisha na simu ikizimwa. Ukitumia Ubuntu Server na ukaongeza kadi ya pili baada ya kusakinisha, ip a itaonyesha enp0s8 bila anwani yoyote. Kadi ni nzima. Netplan, programu ya Ubuntu ya kupanga mtandao, inasimamia tu kadi ilizozikuta siku ya kusakinisha. Fungua faili lililomo /etc/netplan, chini ya enp0s3 ongeza enp0s8 yenye dhcp4: true, kwa nafasi zilezile za kushoto, kisha sudo netplan apply. Nafasi moja ikizidi, faili zima linakataliwa.

Ukitaka kuingia kwa SSH tu (kuandikia mgeni amri ukiwa kwa mwenyeji) bila kadi ya pili, kwenye NAT fungua Port Forwarding, weka mlango 2222 wa mwenyeji uelekee 22 wa mgeni, halafu ssh -p 2222 jina@127.0.0.1.

Ukirudufu mashine, chagua Generate new MAC addresses. Hata hivyo, seva mbili za Ubuntu zilizorudufiwa zinaweza kupewa anwani moja, kwa sababu zinajitambulisha kwa machine-id na hiyo nayo imerudufiwa. Kwenye nakala andika sudo truncate -s 0 /etc/machine-id, kisha zima na kuwasha.

Sasa bando. Mwenyeji wako wa Windows ukishaiambia kwamba hotspoti ni ya kulipia kwa kipimo, inajizuia. Mgeni wa Windows hajui lolote kuhusu hilo. Yeye anaona waya wa Ethernet, anaamini yupo ofisini, na anashusha masasisho ya GB kadhaa huku wewe ukidhani umeacha kompyuta imetulia. Ndani ya mgeni nenda Settings, Network, Ethernet, uwashe Metered connection kabla hujafanya jingine. Au ondoa tiki ya Cable Connected kwenye kadi yake, kipimo ambacho mimi nakiamini zaidi.

Umeme ukikatika

Laptopu yenye betri nzima haina shida. Ninaongea na wenye kompyuta za mezani, maduka ya steshenari na ofisi ndogo, na wenye laptopu ambazo betri imekufa na zinaishi kwenye chaja.

Umeme ukikatika, mwenyeji na mgeni wanaanguka pamoja. Mgeni wa Linux mwenye ext4 kwa kawaida anaamka na kujirekebisha. Kinachoongeza hatari ni kisanduku kinachoitwa Use Host I/O Cache kwenye mipangilio ya Storage. Kikiwa na tiki, mgeni anaambiwa data imeshaandikwa wakati bado imo kwenye RAM ya mwenyeji. Kwa kidhibiti cha SATA huja bila tiki; kiache hivyohivyo, hata kama mtu amekwambia kinaongeza kasi.

Ajali ya kawaida zaidi ni ndogo kuliko unavyoogopa: umeme umerudi, VirtualBox inafunguka, na mashine yako imeandikwa Inaccessible. Mara nyingi faili la .vbox ndilo lililokuwa likiandikwa wakati umeme unakatika, sasa ni tupu. Kwenye folda hiyohiyo kuna nakala yake ya mwisho yenye mwisho wa .vbox-prev. Funga VirtualBox, lihamishe faili bovu pembeni, nakili .vbox-prev na uipe mwisho wa .vbox, fungua tena. Diski haikuguswa.

Ukizoea kufunga mgeni kwa Save the machine state, jambo ambalo ni zuri pale UPS inapopiga kelele, tazama saa yake akiamka. Bila Guest Additions saa inabaki nyuma, na apt, kisakinishi cha programu cha Debian na Ubuntu, inagoma ikisema faili la Release bado halijaanza kutumika, huku kurasa za https zikikataa vyeti. Rekebisha saa, usiguse apt.

Kuhusu snapshoti, yaani hali ya mgeni iliyohifadhiwa ili uweze kuirudia: piga moja kabla ya jaribio la hatari, futa baada ya kufanikiwa. Kila snapshoti ni faili linaloegemea lililotangulia. Likipotea la chini, ya juu yote hayasomeki. Kwa hiyo snapshoti si akiba. Akiba ni kuzima mgeni, File kisha Export Appliance, na kuliweka faili la .ova kwenye diski nyingine. Inabeba hali ya sasa tu, snapshoti za nyuma haziingii.

Programu za zamani

Huku ndiko mashine pepe zinakolipa kwa wenye maduka na karakana. Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Zile programu za stoo na mishahara zilizoandikwa enzi za DOS (mfumo wa maandishi matupu uliotangulia Windows) na Windows 3.1 hufa siku kompyuta ya zamani inapokufa, ingawa data yake ni nzima. Windows XP ya biti 32 ndani ya VirtualBox inaziendesha. Mpe MB 512, na diski iwe kwenye kidhibiti cha IDE. Ukiiweka kwenye SATA, XP haina draiva yake na itakutupia skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Mtandao mwondolee: masasisho ya XP yalikoma tarehe 8 Aprili 2014, na mfumo huo hauna biashara yoyote kwenye intaneti. Leseni nayo ni suala. Mgeni wa Windows anahitaji leseni yake, ile iliyokuja na laptopu haimhusu.

Kwa programu ya DOS tupu, FreeDOS ni ya bure na inatosheka na MB 32. Utashangaa feni inavuma ilhali hakuna kinachofanyika: DOS haijui kupumzisha prosesa, inazunguka bure kwa kasi yote ikisubiri kibonyezo. Andika FDAPM APMDOS, na uuweke mstari huo kwenye faili la kuanzia ili ujirudie kila mara. Guest Additions za DOS hazipo, kwa hiyo unapotengeneza diski chagua aina ya VHD badala ya VDI. Mgeni akiwa amezimwa, Windows inaweza kuifungua diski hiyo kupitia Disk Management, Attach VHD, ukatoa data na kuingiza. Iondoe tena kabla ya kumwasha mgeni, maana wawili wakiandika kwa pamoja diski inaharibika. Kuchapisha ndiko kugumu, kwa sababu programu hizo zinaitafuta LPT1, mlango wa printa wa zamani. Kama risiti ni muhimu kuliko yote, jaribu DOSBox-X badala ya VirtualBox. Yenyewe inaweza kuigiza printa na kukupa faili la kuchapisha kutoka kwa mwenyeji.

Wenye hamu ya kuonja mifumo mingine, Haiku inawaka kwa sekunde chache na GB 2 zinaitosha. FreeBSD ni nzuri kwa anayetaka kuelewa mtandao. macOS iacheni, leseni ya Apple inairuhusu kwenye mashine za Apple tu.

Na kwa ambao mwenyeji wao tayari ni Linux: msihangaike na VirtualBox, tumieni KVM, mashine pepe ya Linux yenyewe, imo ndani ya kerneli (moyo wa Linux) tangu 2007. Wekeni qemu-system-x86, libvirt-daemon-system na virt-manager, jiingizeni kundi la libvirt. Diski zake huenda /var/lib/libvirt/images, kwa hiyo kizigeu cha mfumo kikiwa kidogo kitajaa upesi. Ukisakinisha Windows humo juu ya diski ya virtio (aina ya diski pepe ya KVM), kisakinishi kitasema hakioni diski yoyote. Pachika ISO ya virtio-win kama sidii ya pili, bonyeza Load driver, chagua viostor. Anayeng'ang'ania VirtualBox kwenye kerneli ya 6.12 au mpya zaidi anaweza kukutana na kosa la VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE, kwa sababu KVM siku hizi inashika VT-x mara tu inapopakiwa. Amri ya sudo modprobe -r kvm_intel inaiachilia hadi utakapowasha upya. Kwa kudumu, ongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye mstari wa kuanzishia kerneli.